Maumivu ya Kuhamia: Kwa Nini Jino na Sikio Huuma kwa Kupokezana

Maumivu ya kuhamia ni maumivu ambayo mtu huyahisi sehemu moja ya mwili ilhali chanzo chake kiko sehemu nyingine. Kichwani hutokea sana kati ya jino na sikio, na ndiyo maana mkazi wa Moshi au Arusha anaweza kurudi duka la dawa kila baada ya wiki chache kununua dawa ya matone kwa ajili ya sikio lisilo na ugonjwa wowote, huku gego la chini la upande uleule likizidi kuoza.

Magego ya chini, kiungo cha taya na sehemu ya mbele ya sikio hupeleka hisia zao kupitia tawi moja la neva ya tano ya fuvu, yaani neva inayobeba hisia za uso. Kwa kuwa taarifa zote hizo hufika ubongoni kwa njia moja, ubongo hushindwa kupambanua zimetoka wapi. Kwa kawaida, hata hivyo, maumivu ya jino hayavuki kwenda upande wa pili wa uso: jino la kushoto haliliumizi sikio la kulia.

Chanzo kinachowahadaa wengi ni jino lililotoboka hadi kwenye kiini, yaani sehemu laini ya ndani yenye neva na mishipa ya damu. Mwanzoni huuma kwa maji baridi au chai ya moto, kisha huuma lenyewe, hasa usiku mtu anapolala. Baadaye kiini hufa na maumivu hukoma, pengine kwa miezi, na mgonjwa huamini kwamba amepona. Kumbe vijidudu vimeshuka kwenye ncha ya mzizi, ambako usaha hujikusanya na kuamsha maumivu upya. Dawa za kutuliza maumivu haziwezi kuondoa kinachooza ndani; jino hilo linahitaji kutibiwa mzizi au kung'olewa.

Tusichanganye hali hiyo na meno ya rangi ya kahawia, ambayo ni ya kawaida kwa watu waliokulia maeneo yanayozunguka Mlima Meru. Rangi hiyo hutokana na floridi nyingi katika maji ya kunywa wakati meno yanajengeka. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Jino la kahawia si lazima liwe bovu, na rangi pekee si sababu ya kuling'oa.

Kwa vijana wa miaka 17 hadi 25, gego la mwisho linaloota kwa shida hunasa chakula chini ya ufizi, nao huvimba na kutulia mara kwa mara. Wanaosaga meno usingizini huamka taya limechoka. Wakiweka kidole mbele ya sikio na kufungua kinywa, huenda wakahisi kiungo kikilia au kikiuma. Mafua mazito, kama yale ya miezi ya baridi ya Juni na Julai, yanaweza kujaza uwazi wa mfupa wa shavu na kufanya magego kadhaa ya juu yaume kwa pamoja mtu anapoinama.

Sikio lenyewe likiwa na ugonjwa kwenye mfereji wa nje, kulivuta huongeza maumivu. Kumimina mafuta ya moto humo, kama baadhi yetu tulivyozoeshwa nyumbani, ni hatari, kwa sababu huunguza mfereji na, ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, hupenya hadi ndani.

Mtu mzima, hasa mvutaji wa tumbaku, ambaye sikio lake moja linauma kwa wiki kadhaa ilhali likichunguzwa halina kasoro, achunguzwe koo na shina la ulimi, kwani saratani ya huko huweza kujitokeza hivyo. Naye mwenye uvimbe chini ya taya pamoja na homa, au anayeshindwa kumeza au kufungua kinywa, afike hospitali siku hiyohiyo.