Je, wajua kwa nini santuri moja, mikononi mwa ma-DJ wawili, hutoa muziki wa aina mbili?

Chicago, Marekani, miaka ya mwanzo ya 1980, muziki wa klabu uitwao house unapozaliwa. Jiji moja, ma-DJ wawili. Frankie Knuckles anapiga kwenye klabu yake, Power Plant. Ron Hardy anapiga Music Box. Nyimbo nyingi walizonazo ni zilezile: disko ya Philadelphia, soul, muziki wa vinanda vya umeme kutoka Italia. Hata hivyo, waliobahatika kuzijua kumbi zote mbili wanasimulia kana kwamba walikwenda kwenye dunia mbili. Kwa Knuckles muziki ulikuja taratibu, laini, ukimbeba mtu hadi asubuhi. Kwa Hardy ulimvamia.

Hapo ndipo swali linapozuka. Muziki wa dansi tunauelewa: Sikinde ya Mlimani Park na Msondo ya JUWATA zilitofautiana kwa sababu kila bendi ilikuwa na wapiga magitaa wake, watunzi wake na waimbaji wake. Lakini DJ hapigi gitaa wala haimbi. Sahani aliyoiweka imerekodiwa na mtu mwingine, pengine katika mji ambao hajawahi kufika. Huo mtindo wake unatoka wapi?

Watu wengi hujibu haraka kwamba ni kipaji. Kipaji kipo, sikatai. Ila ukifuatilia maisha ya watu hawa utaona kwamba mtindo wa DJ wa house ulifinyangwa zaidi na ukumbi aliokuwa akiupigia, na vifaa alivyomudu kuvipata. Mara nyingi vifaa hivyo vilikuwa vichache, au vilikuwa vile ambavyo wengine walishavitupa.

Tuanze na Knuckles. Alizaliwa New York mwaka 1955, akajifunza kazi huko pamoja na rafiki yake Larry Levan, kisha mwaka 1977 akahamia Chicago kupiga muziki katika klabu mpya iliyoitwa Warehouse, Mtaa wa South Jefferson namba 206 (Power Plant ilikuja baadaye). Waliofika pale wengi walikuwa weusi na Walatino, na wengi wao walikuwa wapenzi wa jinsia moja ambao hawakuwa na pengine pa kucheza kwa amani. Hawakuja kwa saa mbili. Walikuja Jumamosi usiku, wakatoka Jumapili mchana. Ni jina la klabu hiyo ndilo linalotajwa kuwa chanzo cha jina la muziki wenyewe, house.

Sasa fikiria kazi ya kumchezesha mtu usiku kucha kwa nyimbo za dakika tatu au nne. Juu ya hayo, nyimbo mpya zikaanza kuadimika. Julai 12, 1979, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, mtangazaji wa redio Steve Dahl alilipua sanduku zima la santuri za disko mbele ya maelfu ya watu, na umati ukavamia uwanja hadi mchezo wa pili wa siku hiyo ukashindwa kufanyika. Kijana mmoja mweusi, Vince Lawrence, alikuwa kazini pale akiwaonyesha watazamaji viti vyao. Ameeleza baadaye kwamba santuri nyingi alizoziona zikiletwa hazikuwa za disko hata kidogo. Zilikuwa tu za wanamuziki weusi. Baada ya hapo kampuni kubwa za muziki zikaikimbia disko. Waliokuwa wakiipenda hawakuacha kuipenda, ila DJ alibaki na sahani za zamani na watu waliotaka kitu kipya kila wiki.

Knuckles alitatua hilo kwa mkanda wa rili, ule wa kurekodia sauti unaoweza kukatwa na kuungwa. Alichukua wimbo, akatafuta kile kipande ambacho waimbaji wananyamaza na kubaki ngoma na besi, akakirudia na kukiunga hadi wimbo wa dakika nne ukawa wa dakika kumi. Baadaye akaongeza mashine ya ngoma, inayotoa midundo yenyewe, chini ya sauti ya sahani ili mdundo usikatike. Hata sauti ya garimoshi alikuwa akiipiga ukumbini taa zikiwa zimezimwa, watu wakahisi behewa linapita katikati yao. Mtindo wake wote umo humo: subira, kinanda, nyuzi za violini, na furaha inayocheleweshwa makusudi. Alikuwa na usiku mzima, hakuwa na sababu ya kukimbia.

Hardy naye alikuwa na vifaa hivyohivyo, akavifanyia jambo jingine. Hapa inafaa kujua DJ wa santuri hufanya nini hasa kwa mikono yake. Mbele yake zipo mashine mbili za kuzungushia sahani, na katikati mashine ya kuchanganyia sauti. Kila mashine ya sahani ina kitelezi cha kasi. Kwenye Technics SL-1200MK2, mashine iliyotoka mwaka 1979 na kuwa kipenzi cha ma-DJ duniani, kitelezi hicho huongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8. Hesabu yake ni rahisi: wimbo wa mapigo 120 kwa dakika unaweza kupanda hadi karibu 130, au kushuka hadi 110. DJ hutumia nafasi hiyo ili mapigo ya nyimbo mbili yaangukie pamoja, mmoja uingie huku mwingine unatoka bila mchezaji kukosa hatua.

Lakini kasi ikipanda, sauti nayo inapanda. Mwimbaji anakuwa na sauti nyembamba, ya haraka, kama mtu aliyeshikwa na hofu au furaha kubwa. Hardy alilitaka hilo. Alipandisha kasi kuliko wenzake, akafungulia sauti hadi kuta zikatikisika, akaikata besi ghafla na kuirudisha kwa kishindo, na wakati mwingine aliugeuza mkanda akaupiga wimbo kinyumenyume. Angekipenda kipande, angekirudia mpaka akili ya msikilizaji ilegee.

Kisa kinachoonyesha nguvu yake ni cha DJ Pierre na wenzake Spanky na Herb J, waliojiita Phuture. Walikuwa wamepata mashine ya TB-303 ya kampuni ya Roland, iliyotengenezwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili impigie besi mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake. Wapiga gitaa hawakuitaka, kwa maana besi yake haikufanana na besi ya kweli. Roland wakaacha kuitengeneza mwaka 1984, na zilizobaki zikauzwa kwa bei ya chini. Vijana hawa wakaanza kuzungusha vitufe vyake huku inapiga, na mashine ikatoa mlio wa kukoroma na kupiga kelele ambao hakuna aliyewahi kuukusudia. Wakarekodi, wakampelekea Hardy.

Pierre amekisimulia mara nyingi kilichofuata. Hardy alipoipiga mara ya kwanza, watu waliondoka sakafuni. Akangoja, akaipiga tena. Akaipiga mara ya tatu. Mara ya nne, usiku uleule, ukumbi ulipagawa. Watu waliorekodi kanda za siri wakaanza kuzungusha wimbo huo mjini kwa jina la Hardy, ilhali hakuutunga. Ulipotoka rasmi mwaka 1987 kama "Acid Tracks", ulizaa tawi zima la house lililoenea hadi Uingereza. Mimi nauona ushupavu huo wa Hardy kuwa ndiyo saini yake halisi, kuliko kasi na makelele. DJ mwingine angeiona sakafu tupu akabadilisha wimbo.

Hatua iliyofuata ni ma-DJ na wapenzi wa klabu hizi kuanza kutengeneza nyimbo zao. Mwaka 1984 Jesse Saunders, akishirikiana na yule Vince Lawrence wa uwanjani, alitoa "On and On", inayotajwa mara nyingi kuwa santuri ya kwanza ya house. Wengi waliofuata hawakuwa wamesomea muziki, na upungufu huo ukageuka mtindo. Marshall Jefferson alikuwa mfanyakazi wa posta. Hakuwa mpigaji kinanda hodari, kwa hiyo alirekodi vipande vya kinanda polepole, kisha akapandisha kasi ya mashine. Ndiyo maana kinanda cha "Move Your Body" ya mwaka 1986 kina ukali ule wa nyundo. Tangu hapo kinanda cha namna hiyo kimeigwa kwenye nyimbo zisizohesabika, na wengi waliokiiga walikuwa wapigaji wazuri kuliko yeye.

Larry Heard alikuja kwa njia nyingine. Yeye alikuwa mpiga ngoma wa bendi. Alinunua kinanda cha umeme cha Juno-60, na mwaka 1986, kwa jina la Mr. Fingers, akatoa "Can You Feel It". Usikilize ukiwa peke yako. Besi inatembea chini, sauti za kinanda zinaning'inia juu kama hazina haraka ya kwenda popote, na katikati kuna nafasi kubwa tupu. Mtu aliyezoea kupiga ngoma anajua mahali pa kunyamaza, na ukimya huo ndio unaomtambulisha Heard. Kwangu mimi hakuna aliyemfikia.

New York na New Jersey ziliongeza ladha zao. Louie Vega, mpwa wa mwimbaji wa salsa Héctor Lavoe, aliungana na Kenny "Dope" Gonzalez aliyetokea kwenye hip hop, wakawa Masters at Work: ngoma za Kilatino juu ya mdundo wa house. Todd Edwards wa New Jersey alichukua sauti za waimbaji akazikatakata vipande vidogo kuliko neno, akavipanga upya mpaka vikaimba wimbo ambao hakuna binadamu aliyeuimba. Ukishamsikia mara mbili, ya tatu utamtambua kabla hujaambiwa.

Mtindo pekee, hata hivyo, haukutosha kumlisha mtu. Knuckles alijulikana kwa kuzitengeneza upya nyimbo za waimbaji wakubwa, na mwaka 1998 akawa wa kwanza kupewa tuzo ya Grammy ya mtengenezaji upya bora wa mwaka. Kipande cha Mtaa wa Jefferson kiliitwa kwa jina lake mwaka 2004, alifariki mwaka 2014, na jengo la Warehouse likawekwa chini ya ulinzi wa jiji mwaka 2023. Hardy alikufa mwaka 1992, hajafikisha miaka 34, na kazi yake kubwa imebaki kwenye kanda chakavu na vinywani mwa waliokuwepo. Heard na mwimbaji Robert Owens iliwabidi waifikishe mahakamani kampuni ya Trax, iliyotoa rekodi zao, mwaka 2020. Makubaliano ya mwaka 2022 yaliwarudishia haki za rekodi zao, zaidi ya miaka 30 baada ya kuzitengeneza.

House ilipofika Afrika Kusini ilikutana na kumbi nyingine na mikono mingine. Vijana wa vitongoji waliipunguza kasi na kuweka maneno yao, ikazaliwa kwaito. DJ Nkosinathi Maphumulo, ajulikanaye kama Black Coffee, aliumizwa mkono wa kushoto Februari 1990, gari lilipovamia umati uliokuwa ukisherehekea kuachiwa kwa Nelson Mandela. Alipokuja kuwa DJ, kwa miaka mingi alipiga kwa mkono mmoja. Mashine za DJ zimebuniwa kwa mtu wa mikono miwili, na yeye ilimlazimu kutafuta njia yake mwenyewe. Nyimbo zake mbili hukaa pamoja kwa muda mrefu, zikibadilishana bila kushtuana, na nyimbo anazotunga ni ngoma chache, sauti moja, na nafasi tele. Albamu yake "Subconsciously" ilishinda Grammy mwaka 2022.

Huko huko, katika vitongoji vya jimbo la Gauteng, vijana wenye kompyuta na programu ya kutengenezea muziki ya FL Studio wakaichukua sauti moja ya ngoma ya gogo iliyokuwemo ndani ya programu hiyo, wakaipiga kama besi, wakaishusha kasi ya house hadi mapigo kama 112 kwa dakika, wakaiita amapiano. Mtengenezaji MDU aka TRP ndiye anayetajwa na wengi kuwa aliipa besi hiyo sura tunayoijua. Ukisikia mtikisiko huo mzito leo kwenye wimbo wa Bongo Fleva, ndani ya daladala au harusini, unasikia tawi la house lililotoka Chicago likapitia Johannesburg.