Kukaza prilodi hakuifanyi springi kuwa ngumu, na uongo mwingine wa shokapu za motokrosi

"Fundi, nikazie nyuma mizunguko miwili, springi imelegea." Anachotaka ni nikaze prilodi, yaani niibane springi ya shokapu ya nyuma ya pikipiki kabla haijabeba mzigo, kwa kuzungusha pete iliyo juu yake. Sentensi hii inanifuata kila penye mbio. Naisikia Jamhuri Park, Nairobi, naisikia Garuga kule karibu na Entebbe, na usiku wa kuamkia mashindano naipokea kwa ujumbe wa sauti. Nimechoka kuijibu mtu mmoja mmoja. Atakayeniuliza tena nitamtumia maandishi haya, kisha nitaendelea na kazi yangu.

"Ukikaza prilodi, springi inakuwa ngumu"

Haiwi. Springi ya niutoni 48 kwa milimita ni ya 48 ikiwa mezani, ikiwa kwenye pikipiki, ikiwa imebanwa milimita 5 au 15. Ugumu wake umeamuliwa na unene wa waya, upana wa duara lake, idadi ya mizunguko ya waya na aina ya chuma. Pete unayoizungusha haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Inachobadilisha ni nguvu ya kuanzia tu: springi hiyo ukiibana milimita 10 kabla haijabeba kitu, tayari inasukuma kwa niutoni 480. Mzigo ukishapita hapo, kila milimita inadai niutoni 48 zilezile. Na pikipiki ikiwa chini huku umeikalia, mzigo umeshapita zamani. Kwa hiyo ulichofanya na pete yako ni kuinua mkia.

Najua jibu: "Lakini nikiendesha naisikia ngumu." Unaisikia kweli, sikatai. Shokapu sasa inakaa karibu na mwisho wake wa juu, gurudumu halina nafasi ya kushuka kufuata mabonde, na ukifunga breki kuingia kona nyuma inadundadunda na kukuhama. Hapo gurudumu limepoteza ardhi, wewe unaita ugumu. Ukitua vibaya kutoka juu bado inagonga mwisho, kwa sababu kwenye shokapu yenye mwendo wa takribani milimita 130, kukaza milimita 5 zaidi kunaongeza nguvu ya mwishoni kwa chini ya asilimia 4. Ukitoka springi ya 48 ukaenda ya 54, unapata zaidi ya asilimia 10.

Maneno hayamshawishi mtu, tepu humshawishi. Kuna kijana wa kilo 88 aliyeleta pikipiki ya mtumba ya cc 250, nyuma ina springi ya 48, anataka mizunguko yake miwili. Tukaipandisha stendi gurudumu likaning'inia, tukapima kutoka ekseli hadi alama ya kalamu kwenye madigadi. Tukaishusha ikasimama yenyewe: imezama milimita 36, na huko kuzama bila mtu ndiko sagi tupu. Akapanda amevaa kila kitu: 120, hiyo ni sagi ya dereva. Tofauti ya sagi tupu na sagi ya dereva ni 84. Basi, nikamkazia hadi sagi yake ikafika 104. Akashuka, tukapima tupu: 20. Toa mwenyewe. Ni 84 ileile. Kama springi ingekuwa imepata ugumu, uzito wake ungeizamisha kidogo kuliko mwanzo. Linkeji, vile vyuma vinavyounganisha shokapu na mkono wa gurudumu, inaweza kukuchezea milimita moja au mbili, lakini picha haibadiliki. Tulipofunga springi ya 54 na kurudisha sagi ya dereva kwenye 104, tupu ikasoma 30, tofauti 74. Hapo ndipo ugumu ulipoongezeka, na ndipo kijana aliponyamaza.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata mafundi. Kwa pikipiki kubwa ya motokrosi, weka kwanza sagi ya dereva kwenye milimita 100 hadi 105, halafu soma sagi tupu. Ikiwa kati ya 30 na 40, springi inakufaa. Ikiwa chini ya 30, springi ni laini mno kwako. Ikipita 40, ni ngumu mno. Wengi husoma kinyume: wanaona pikipiki ikiwa tupu haizami, wanasema springi ni ngumu. Haizami kwa sababu umeinyonga kwa prilodi ili iweze kukubeba. Soma tena aya hii kabla hujaenda dukani.

Na tafadhali, upimaji ni kwa buti, helmeti, kinga ya kifua na magoti, na mafuta kwenye tangi. Mtu ananitajia uzito aliojipima bafuni akiwa na kaptura, kumbe siku ya mbio anabeba kilo 8 hadi 10 za vifaa. Jambo jingine, ile pete ina spana yake. Kila wiki naletewa shokapu ambayo pete imeng'olewa meno kwa nyundo na patasi, nyuzi zimejaa mchanga, na mwenyewe anashangaa kwa nini haizunguki. Osha nyuzi, legeza pete ya juu, pulizia mafuta kidogo, ndipo uzungushe.

"Shokapu ya mbio lazima iwe ngumu"

Gurudumu lisilogusa ardhi haliendeshi, halipigi kona, halifungi breki. Wanaoshinda wanatumia mwendo wote wa shokapu zao, na mara moja moja kwenye mzunguko zinagusa mwisho. Kama zile milimita 300 za mwendo wa foki, yaani shokapu ya mbele, umetumia 220 siku nzima, umelipia 80 za bure. Funga waya wa plastiki kwenye bomba la foki uone unafika wapi.

"Kliki za kasi ya juu ni za njia iliyonyooka"

Hapana. Kliki ni hatua za skrubu ya kurekebisha shokapu, na kompresheni ni upinzani wake inapoingia. Kasi inayotajwa hapo ni ya fimbo ya shokapu ikiingia, wala si ya pikipiki. Ukigonga jiwe kwa kilomita 20 kwa saa, fimbo inaingia kwa kasi kubwa. Ukizama taratibu kwenye kona ndefu kwa gia ya nne, hiyo ni kasi ndogo.

"Nipe kliki anazotumia bingwa"

Nitakupa, halafu? Kliki huhesabiwa kutoka kwenye kufungwa kabisa, na nusu ya wanaoniuliza wanahesabu kutoka kwenye kufunguliwa. Hilo tukiliweka sawa, kliki 12 za bingwa zimekaa juu ya springi ya uzito wake na rundo la shimu, vijisahani vya chuma vinavyozuia mafuta, lililopangwa kwa mkono wake. Skrubu unayoizungusha inafungua na kufunga kijitundu cha mafuta tu. Kazi nzito iko ndani, kwenye shimu nyembamba za sehemu ya kumi ya milimita, na hizo huzioni. Unakili namba, mashine ni nyingine.

Majina ya bei kubwa nayo ni hivyohivyo. Siwadharau Öhlins, watengeneza shokapu wa Uswidi: watu wanawafikiria kwa rangi ya dhahabu ya MotoGP, wakati taji lao la kwanza la dunia lilikuwa la motokrosi, mwaka 1978, Gennady Moiseev wa Umoja wa Kisovieti akiwa juu ya KTM ya 250. Lakini shokapu ya Öhlins yenye springi ya mtu wa kilo 70 chini ya mtu wa kilo 95 inashindwa na ya kiwandani yenye springi sahihi na mafuta mapya. Ukinijia na bajeti, nitazipeleka hela zako kwenye springi kwanza, mbele na nyuma, halafu sevisi, halafu kupanga upya vali, yaani zile shimu. Zikibaki, tuzungumze dhahabu.

"Inanipiga mikono, fungua kompresheni"

Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi mwenye kosa ni ribaundi, yaani upinzani wa shokapu inapotoka. Ukiifunga sana, foki inaingia kwenye tuta la kwanza kati ya yale yanayochimbwa na breki, inachelewa kutoka, tuta la pili linaikuta bado imezama, la tatu limeikuta chini zaidi. Kufikia la tano unaendesha juu ya milimita chache zilizobaki, mikono inawaka moto. Dereva anasema ni ngumu, anafungua kompresheni, inazama haraka zaidi. Kipimo changu ni hiki: kama tuta la kwanza ni tamu na la mwisho ni chungu, fungua ribaundi kliki mbili na usiguse kingine. Badilisha kitu kimoja, zunguka, andika. Asiye na daftari simsikilizi, maana asubuhi tanki la maji limepita na udongo ni laini, saa nane mchana njia ni nyingine kabisa, na yeye hakumbuki alianzia wapi.

Mafuta mazito na gesi

"Weka mafuta mazito foki iwe ngumu." Mafuta mazito yanapunguza kasi ya kuingia na ya kutoka, kwa hiyo unajiletea hilo tatizo la ribaundi nililolieleza. Na ile namba ya W kwenye chupa haina maana sawa kwa kila kampuni. Linganisha mnato wa sentistoki kwenye nyuzi 40. Unachotaka kama foki inagonga mwisho ni kuongeza kiwango cha mafuta yaleyale, milimita 5 kwa 5: hewa iliyobaki juu inapungua, na mwisho wa mwendo unakaza bila kuharibu mwanzo.

Gesi iliyo ndani ya shokapu haibebi pikipiki. Nitrojeni, bar 10 hivi kwa shokapu nyingi za motokrosi, inayabana mafuta yasitoe mapovu yanapopita kwenye vali. Hewa ya pampu ya matairi ina unyevu na oksijeni. Usiiweke, hata kama kituo cha mafuta kiko jirani.

"Mtoto atakua, springi itamfaa"

Hii naisikia kutoka kwa wazazi, na inaniudhi karibu kama ya kwanza. Pikipiki nyingi za watoto za cc 65 hutoka kiwandani na springi za mtoto wa takribani kilo 35 hadi 45. Mzee anamleta wa kilo 27. Mtoto akikaa, shokapu haijui kama kuna mtu. Anarushwa kwenye kila tuta, anaanza kuogopa kuruka, na baba yuko pembeni ya njia anamfokea aongeze kasi. Mama yake ndiye aliyeniuliza swali la maana: "Fundi, mbona kila akitua anarushwa mbele?" Springi laini za foki na nyuma hufungwa mchana mmoja. Zilizotoka ziweke kwenye boksi, andika namba zake kwa kalamu ya wino, na mtoto apimwe uzito kila msimu akiwa na vifaa vyake. Akifika kilo 35, zirudishwe.