El Anatsui hakuanza na vifuniko vya chupa

Jina la El Anatsui likitajwa kwenye mafunzo ya walimu wa sanaa hapa Iringa, kisa kinachofuata huwa kilekile. Mchongaji mzaliwa wa Ghana aliyeishi Nigeria kwa miaka mingi aliokota gunia la vifuniko vya chupa, akaviunga vikawa pazia kubwa linalometameta, dunia ikashangaa. Wiki inayofuata wanafunzi wa kidato cha pili wanatumwa kuokota visoda. Kisa chenyewe ni cha kweli, ila kimekatwa kichwa, na bila kichwa hicho wanafunzi wanajifunza kuzoa taka tu.

Gunia lile aliliona mwishoni mwa miaka ya 1990, karibu na Nsukka, mji wa chuo kikuu kusini-mashariki mwa Nigeria. Alikuwa amevuka umri wa miaka 50, na nyuma yake kulikuwa na karibu miaka 30 ya kazi. Hiyo ndiyo sehemu tunayoiruka.

Alizaliwa mwaka 1944 Anyako, kando ya wangwa wa Keta, katika familia ambayo baba yake alikuwa mfumaji wa kente, kitambaa cha rangi nyingi cha Ghana. Alisomea uchongaji Kumasi, mji mwingine wa Ghana, mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa mtaala uliofuata wa Uingereza. Alipomaliza hakuridhika. Akaanza kwenda kuwaangalia mafundi wa Kumasi wanaotia kwenye vitambaa alama za adinkra, michoro ya jadi ambayo kila mmoja una maana yake, kisha akanunua sokoni sinia za mbao, zile ambazo wachuuzi hupangia bidhaa, akazichoma alama hizo kwa chuma cha moto. Tazama alivyoanza: na kifaa cha mama wa sokoni.

Mwaka 1975 alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, akadumu hapo kwa zaidi ya miaka 30. Hakuhamia Lagos wala London. Nalitaja hili kwa kusudi, maana vijana wa Iringa na Mbeya wenye mkono mzuri huambiwa mapema kwamba bila kufika Dar es Salaam hawataonekana. Nsukka ni mji wa vilima wenye chuo na soko, mbali na ofisi za wakubwa. Sisi hapa tuna chuo cha Mkwawa, tuna Chuo Kikuu cha Iringa, tuna vilima hata vya kugawa.

Kwenye miaka ya 1970 alifanya mfululizo wa vyungu vilivyovunjika. Mtu wa Kyela hahitaji kuelezwa sana hapa. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanafinyanga vyungu vinavyouzwa hadi soko la Matema, na kila nyumba inayovitumia inajua kuwa chungu kikivunjika kazi yake haijaisha: kigae kitabeba kaa la moto au kitalishia kuku. Anatsui alikifikiria chungu kilichovunjika kama mwanzo wa maisha mengine, na wazo hilo halikumtoka tena. Mwaka 1980, akiwa Marekani kwa muda, alishika msumeno wa mnyororo, ule wa kukatia miti, akaanza kuutumia kukwaruza na kukata mbao, baadaye akizichoma kwa moto. Mbao hizo alizipanga pembeni kwa pembeni, na aliyezinunua aliruhusiwa kubadilisha mpangilio. Mwaka 1990 maonyesho ya Venice, Italia, yalimtaja kwa heshima. Huo ni mwaka wa 1990, kabla ya kifuniko hata kimoja.

Kwa hiyo gunia lilipoonekana, lilikutana na mtu aliyekwisha kushughulikia sinia, vigae, mbao na vifuniko vya makopo ya maziwa. Mwingine angepita.

Hapo pia kuna jambo ambalo walimu wengi wanalikosea. Vifuniko vyake kwa sehemu kubwa si visoda. Kisoda ni cha chuma kigumu. Kikunje mara mbili kitakukata, kiache kwenye mvua ya Machi kitashika kutu. Vya Anatsui ni vya aluminiamu laini, vile vya kuzungusha vinavyofunga pombe kali, pamoja na ule utepe wa shingoni. Vinapondwa bapa, vinakunjwa, vinasokotwa, vinatobolewa, kisha vinaungwa kwa waya mwembamba wa shaba. Rangi haipakwi: nyekundu, dhahabu na nyeusi unazoziona ni rangi za watengeneza pombe wenyewe.

Na pombe ndiyo kiini. Ulanzi unaogemwa kwenye mianzi ya Iringa na Njombe hubebwa kwa dumu. Hauna nembo wala kifuniko. Chupa ya pombe kali ina historia nyingine: ilifika pwani ya Afrika Magharibi kama bidhaa ya kubadilishana. Wazungu walileta vileo, wakachukua watu. Watu wale wakalimishwa miwa ng'ambo ya Atlantiki. Miwa ikatoa sukari na ramu, na ramu ikarudi kununua wengine. Anatsui amesema mara nyingi kwamba anaviona vifuniko kama kiungo kati ya Afrika, Ulaya na Amerika. Ndiyo maana nasita mtu anapomwita msanii wa mazingira. Angekuwa anasafisha mji tu, angeokota chochote. 

Mazungumzo hayo aliyapeleka hadi Tate Modern, jumba la sanaa la London, kwenye ukumbi mkubwa wa mitambo ya zamani, kuanzia Oktoba 2023 hadi Aprili 2024. Kazi ilikuwa na sehemu tatu zilizoning'inia, ya kwanza ikiwa kama tanga la meli lililojaa upepo. Henry Tate, ambaye jina lake limo kwenye jengo hilo, alikuwa tajiri wa viwanda vya sukari. Huwezi kuitundika kazi ileile kwenye ukumbi mwingine ikasema jambo lilelile. Hiyo ndiyo sanaa ya kusimika: mahali panaingia ndani ya kazi.

Jambo jingine linalowashangaza wengi ni kwamba Anatsui hatoi maelekezo ya kutundika. Shuka lake la aluminiamu hukunjwa, likatiwa sandukuni na kusafirishwa, na wanaolipokea huamua mikunjo yake, kama khanga moja inavyofungwa kichwani leo na kesho ikabeba mtoto mgongoni. Jumba la makumbusho moja linaweza kulionyesha mara mbili na watu wakadhani ni kazi mbili.

Mbona basi anaitwa msanii wa kazi hizo, wakati vijana wengi wa Nsukka ndio wanaoponda na kuunga? Nimeulizwa hili na msusi wa vikapu vya milulu, tena kwa ukali kidogo, kwa kuwa yeye husuka peke yake mwanzo mpaka mwisho. Vijana hao hutengeneza vipande, naye huvitandaza sakafuni, huvipiga picha, huvihamisha, hukataa, hupanga upya mpaka aridhike. Mimi naona kazi ni yake. Msusi hakukubaliana nami, na hoja yake si dhaifu.

Sifa kubwa zilikuja baadaye. Mwaka 2007, akiwa na miaka 63, alifunika uso wa jumba la Fortuny huko Venice. Mwaka 2015 alirudi mji huohuo kupokea tuzo ya Simba wa Dhahabu ya mafanikio ya maisha.

Shule inayotaka kujaribu ianze na swali: ni kitu gani kinapita mikononi mwa watu wa hapa, na kilifikaje? Huenda ikawa gunia la mbolea, kopo la rangi, au gome la msindano kutoka Mufindi. Kama ni vifuniko, vichukueni baa kwa ruhusa, vioshwe, na kukata kufanywe na mwalimu mwenye glavu. Waya wa shaba waombeni kwa mafundi wanaosuka mota. Vipande vilivyoungua hubaki vingi. Waya ambao muuzaji hasemi ulikotoka, uacheni.