Kuchagua Mashine ya Gemu ya Nyumbani: Maneno ya Dukani na Ukweli Wake

Ukiingia duka la elektroniki Kariakoo, Dar, au Luthuli Avenue, Nairobi, muuzaji atakuuliza una shilingi ngapi. Si swali baya, ila kuna jingine lililotakiwa kutangulia: gemu zitaingiaje kwenye hiyo mashine? Utanunua CD, ubadilishane na wenzako na kuziuza ukishazichoka, au utazishusha mtandaoni kwa bando? Na utacheza na nani? Ukishajijibu hayo, nusu ya mashine zilizopangwa pale rafuni zinajiondoa zenyewe. Wengi wanayaruka maswali haya, wanashika maneno ya mtaani, kisha baada ya miezi michache mashine inatangazwa kwenye status inauzwa kwa hasara. Haya ndiyo maneno ninayoyasikia sana.

“Isiyo na sehemu ya CD ni nafuu zaidi”

Ni nafuu siku ya kununua. PS5 (PlayStation 5 ya Sony) ilipotoka Novemba 2020, yenye sehemu ya CD iliuzwa dola 499 kule Marekani na isiyo nayo dola 399. Xbox Series S ya Microsoft, ambayo haina kabisa sehemu hiyo, ilianzia dola 299. Tofauti hiyo inavutia, na ndiyo inayowanasa watu.

Gemu kubwa mpya siku hizi zinatoka kwa dola 70 au karibu na hapo. Mwenye mashine ya CD anasubiri kidogo, ananunua iliyotumika, anacheza, kisha anaiuza au anabadilishana na mtu wa mtaa wa pili. Aliyenunua mtandaoni, gemu yake imefungwa kwenye akaunti. Hawezi kuiuza wala kumwazima mtu. Chukua mfano wa mpira, maana ndio unaouza mashine nyingi kwetu: kila mwaka Septemba inapofika, kampuni ya EA hutoa toleo jipya la gemu yake ya mpira, na CD ya mwaka uliopita huporomoka bei. Anayetaka tu kumfunga shemeji yake Ijumaa usiku akiwa na Arsenal, toleo la mwaka jana linamtosha kabisa. Kwenye CD atalipata kwa bei ya chini sana. Tofauti ya ile dola 100 inarudi mapema kuliko watu wanavyodhani.

Halafu kuna bando. Gemu ya vita ya Call of Duty peke yake inaweza kupita GB 100. Series S ya mwanzo imeandikwa GB 512, lakini nafasi inayobaki kwa ajili ya gemu ni kama GB 364, kwa hiyo utafuta na kushusha upya mara kwa mara. Kwa anayetegemea hotspot ya simu, huo ni mzigo usiobebeka. Mwenye faiba nyumbani isiyo na kikomo yuko kwenye hali tofauti kabisa, na kwake Series S ni mashine nzuri sana: ndogo, kimya, inakula umeme kidogo.

Hata hivyo, mwenye CD asidhani amemaliza habari ya intaneti. Gemu nyingi zinataka sasisho, na baadhi ya CD hazina gemu nzima ndani yake. Xbox Series X na S lazima ziunganishwe mtandaoni siku ya kwanza ndipo zifanye kazi. PS5 zile nyembamba zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2023 zina sehemu ya CD inayochomekwa na kuchomolewa, na ukiinunua peke yake ukaifunga mwenyewe, itadai intaneti mara moja ili isajiliwe. Muulize muuzaji kama imeshasajiliwa, na akuonyeshe ikisoma CD mbele yako.

“Akaunti utafungua yoyote tu, nchi haijalishi”

Inajalisha sana, na hapa ndipo maduka mengi yanapowaacha wateja njiani. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa na mtandao wa PlayStation. Afrika Kusini imo, Falme za Kiarabu zimo, Oman imo. Kwa hiyo kila anayecheza PlayStation Dar, Mombasa au Zanzibar anatumia akaunti iliyoandikwa nchi nyingine, mara nyingi bila kujua, kwa sababu kijana wa dukani ndiye aliyemfungulia.

Tatizo linajitokeza siku unayotaka kununua kitu. Kadi ya benki ya hapa inaweza kukataliwa, kwa sababu anwani yake hailingani na nchi ya akaunti. Njia inayotumika ni vocha, na vocha nazo zina nchi: ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Fungua akaunti ya nchi ambayo vocha zake unazipata kwa urahisi. Mzanzibari mwenye ndugu Muscat ana sababu nzuri ya kuchagua Oman. Mwingine anayepata vocha za Marekani kila kona achague Marekani, na asije akachanganya baadaye.

CD zenyewe za PS4, PS5 na Xbox za sasa, pamoja na kadi za gemu za Nintendo Switch, hazijali nchi; iliyonunuliwa Dubai inacheza kwenye mashine iliyotoka London. Ila nyongeza za gemu zinazouzwa mtandaoni zinatakiwa zilingane na soko la CD yako. Angalia kasha: alama ya umri ya ESRB ni ya soko la Marekani, ya PEGI kwa kawaida ni ya Ulaya. Na ukiwa umeshalishika kasha, soma pia namba iliyomo. Gemu ya mpira ya EA ina PEGI 3. GTA V, gemu ya uhalifu na mauaji, ina 18, na hiyo 18 imewekwa kwa sababu za kweli. Nimeona wazazi wakiinunua pamoja na mashine ya mtoto wa darasa la nne kwa kuwa tu “ndiyo inayopendwa”.

“PS4 imeshakufa”

Iko hai, ingawa umri wake umeanza kuonekana. Ilitoka Novemba 2013, na bado EA Sports FC 26, ile gemu ya mpira ya EA, ya Septemba 2025 ilitolewa kwa PS4 pia. Haifanani kabisa na ile ya PS5, kwani mienendo ya wachezaji na mwonekano vimepunguzwa, lakini ni mpira uleule na ligi zilezile. eFootball, gemu nyingine ya mpira, na Fortnite ya mapigano zinapatikana bure. Gemu za PS4 ni maelfu, nyingi sasa ni rahisi kwa CD. Na PS5 yenye sehemu ya CD inacheza karibu gemu zote za PS4, kwa hiyo ukija kuhama, CD zako unahama nazo. Usimwamini anayekuambia PS5 itacheza CD za PS2 au PS3. Haichezi.

Upungufu wake ni kwamba gemu kubwa mpya zinazidi kuiacha. GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S tu. Kama hiyo ndiyo unayoisubiri, usinunue PS4 leo.

PS4 karibu zote zinazouzwa sasa ni za mtumba, kwa hiyo kazi kubwa ni kuikagua. Usikubali kuonyeshwa inawaka tu, kwa maana hata mbovu inawaka. Weka CD, itoe, iweke tena mara kadhaa, usikilize kama inaivuta vizuri au inaguna na kuitema. Chungulia tundu la HDMI kwa tochi ya simu: pini zimenyooka au kuna iliyolala? Tundu hilo ni ugonjwa wa kawaida wa PS4, kwa sababu ya watoto kuivuta mashine waya ukiwa umechomekwa. Kisha ingia kwenye gemu nzito na uikalie angalau nusu saa. Feni ikianza kuvuma kama inataka kupaa, ndani kuna vumbi au pesti ya prosesa imekauka. Fundi anaweza kulitengeneza hilo, ila bei ishuke. Chukua pedi, anzisha mechi, kisha ondoa vidole kabisa kwenye analogi, vile vijiti vya kidole gumba. Mchezaji akitembea mwenyewe, pedi hiyo imechoka. Mwisho, hakikisha akaunti ya mwenye mali wa zamani imeondolewa na mashine imefutwa mbele yako.

Kuhusu zile zinazouzwa “zimechipiwa, gemu zimejaa ndani”, yaani zimevunjwa kinga ili zicheze gemu za kunakili, ujue unachonunua: mashine ambayo ikiingia mtandaoni inaweza kufungiwa moja kwa moja, na ambayo hutathubutu kuisasisha. Bei ya wizi huo hailipwi na aliyekuuzia.

“Yenye nguvu kubwa ndiyo bora”

Hesabu za teraflopu, kipimo cha kasi ya chipu ya picha, zinawachanganya watu bure. Series X ina 12, PS5 ina kama 10, na ukikaa mbele ya TV ni vigumu sana kuona hiyo tofauti. Historia yenyewe inapingana na dhana hii. Wii ya Nintendo, iliyotoka 2006, ilikuwa dhaifu kuliko PS3 na Xbox 360, tena kwa mbali, lakini iliuzwa zaidi ya milioni 100 wakati zile mbili zote zilibaki chini ya milioni 90. Switch ya 2017 nayo haikuwahi kuikaribia PS4 Pro, ile PS4 yenye nguvu zaidi, kwa nguvu, na imepita milioni 150. Watu walifuata gemu zilizokuwa ndani na namna ya kucheza pamoja.

Makasha ya PS5 yalikuwa na maandishi ya 8K, yaani picha kali kupita 4K, kwa miaka kadhaa, kisha Sony ikayaondoa. TV ya 1080p (Full HD) inatosha kuifurahia PS5. Kama nyumbani bado kuna TV ya kichogo, hapo kweli kuna jambo la kupanga, kwa sababu PS4 na PS5 zinatoa picha kwa HDMI peke yake na utahitaji kigeuzi.

“Hii ina gemu elfu kumi ndani!”

Ni vile vijiti vya HDMI vinavyokuja na pedi mbili zisizo na waya. Ndani yake kuna gemu za zama za mashine za kale kama NES ya Nintendo, Sega na PS1, zimenakiliwa bila ruhusa, na nyingi zinajirudia kwa majina na lugha tofauti mpaka hesabu ifike hapo. Kwa mtoto wa miaka sita anayetaka kurukaruka na Mario, kitachangamsha wiki mbili tatu. Ila kisiuzwe kana kwamba ni mbadala wa PlayStation. Biashara hii ina umri: PolyStation za zamani zilivaa sura ya PS1 huku ndani zikiwa na chipu za gemu za kanda za miaka ya 1980, na wazazi wengi walilipa bila kujua.

“Gemu inaua TV, na inamaliza LUKU”

Picha kuganda kwenye kioo ni tatizo la TV za plasma za zamani, na za OLED kwa kiasi. TV za LED zilizojaa majumbani mwetu hazina hofu hiyo. Kinachoua TV na mashine kwa pamoja ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo pesa ya kilinda umeme ni pesa iliyotumika vizuri. Kuhusu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: PS5 ikichezwa inakula kama wati 200, maana yake saa tatu ni unit 0.6. Pasi inapita wati 1,000. Switch iliyounganishwa kwenye TV haifiki hata wati 20.

Na wanaoogopa kuletewa PS4 au PS5 kutoka Marekani kwamba itaungua kwa umeme wetu wa volti 230 watulie: zimeandikwa volti 100 hadi 240, unabadilisha waya wa kuchomeka tu. Hofu hiyo ilikuwa halali kwa Wii na PS2 za huko. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka.

“Ni sinema na muziki pia, kila kitu kimo”

Sehemu kubwa ni kweli. PS4 inasoma DVD na Blu-ray, PS5 na Series X zinaongeza Blu-ray za 4K, na YouTube na Netflix zipo. Lakini PS4 na PS5 hazisomi CD za muziki, na Switch haina Netflix. Filamu za DVD na Blu-ray bado zina mipaka ya kanda, tofauti na CD za gemu.

“Usipolipia kila mwezi huchezi”

Dhana hii imewafukuza watu wengi bila sababu. Malipo ya PlayStation Plus yanahitajika ukitaka kucheza na mtu wa mbali kwenye gemu za kununua, kama FC. Gemu za bure kama Fortnite na eFootball unacheza na dunia nzima bila kulipia. Na mkikaa wawili sebuleni kwenye mkeka mmoja, hamlipii kitu wala hamhitaji intaneti.

Mnachohitaji ni pedi ya pili, na hapa hesabu za watu huharibika. Pedi za PS4 zinaunganika na PS5, ila kwa gemu za PS4 peke yake. Gemu ya PS5 inataka pedi yake. Pedi za Xbox One zinafanya kazi vizuri kwenye Series X na S. Kwa hiyo anayehama kutoka PS4 kwenda PS5 aweke bei ya pedi nyingine juu ya bei ya mashine tangu mwanzo, na kama pesa haitoshi vyote viwili, achukue PS4 nzuri yenye pedi mbili nzima na CD tatu nne za kuanzia.