Kusoma jengo la mbao kuanzia chini: makanisa ya nguzo na mitaa ya kale ya Norwe

Kazi yangu ni uhifadhi wa majengo ya kale ya mbao, na Norwe ni nchi ambayo mtu wa kazi hii hawezi kuikwepa. Wasafiri wanaoniomba ushauri huniuliza ni maeneo gani wasiyakose. Mimi huwaeleza kwanza namna ya kuyatazama, kwa sababu jengo la mbao lililofikisha miaka mia tisa limefika hapo kwa kukarabatiwa kizazi baada ya kizazi, na alama za ukarabati huo huonekana zaidi miguuni mwake kuliko kwenye paa lenye vichwa vya majoka ambalo kila mgeni hulipiga picha.

Mahali pa kuanzia ni makanisa ya nguzo, ambayo kwenye vibao vya barabarani huandikwa stavkirke. Inakadiriwa kuwa katika Zama za Kati yalijengwa zaidi ya 1,000. Leo yamebaki 28. Makanisa ya mbao yaliyotangulia yalikuwa na nguzo zilizochimbiwa ardhini, na nguzo ya namna hiyo huoza pale inapokutana na udongo, hata kama sehemu yake ya juu ni nzima kabisa. Mafundi wa karne ya 12 waliziinua nguzo zikasimama juu ya fremu ya boriti nene, fremu ikalazwa juu ya mawe, hewa ikapata njia ya kupita chini. Mbao za ukuta zilisimamishwa wima, kingo zikachongwa ili ziingiliane, na viungo vingi vikakazwa kwa vigingi vya mbao badala ya misumari. Norwe haina mchwa, jambo ambalo mtu wa kwetu hulisikia kwa wivu. Adui huko ni unyevu, kuvu na moto. Kwa hiyo ukifika, inama kwanza utazame boriti za chini: utaona mahali ambapo kipande kilichooza kimekatwa na kingine kikaungwa kwa ustadi, rangi ya mti ikiwa tofauti kidogo.

Urnes, lililojengwa karibu mwaka 1130, ndilo ninalolipa nafasi ya kwanza. Lipo juu ya kilima kando ya Lustrafjord, tawi la ndani la Sognefjord, na njia nzuri ya kulifikia ni kivuko kutoka kijiji cha Solvorn, kisha kupanda kwa miguu. Usiingie ndani mara moja. Zunguka hadi ukuta wa kaskazini, ambako kuna mlango mwembamba wenye nakshi zilizotolewa kwenye kanisa la zamani zaidi, la karibu mwaka 1070, zikapachikwa tena hapa. Mnyama wa miguu minne ameinamisha shingo na kumng'ata nyoka, naye nyoka anamng'ata yeye, huku miili myembamba ikijipinda na kupishana hadi jicho linapoteza mwanzo na mwisho wa kila kiumbe. Simama pembeni, mwanga ukiwa unatoka upande mmoja, utagundua kuwa nakshi hizo zimechongwa kwa kina kirefu mno, na kwamba fundi ameubadilisha unene wa kila mkunjo taratibu, bila kukatiza. Wataalamu bado wanabishana kama huyo ni simba wa Kikristo anayepigana na uovu au ni jambo la imani ya zamani. Kwangu swali hilo lina uzito mdogo kuliko uamuzi wa wajenzi wa 1130 kutozitupa mbao za watangulizi wao.

Borgund, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 12 katika bonde la Lærdal, ndilo lenye majoka na mapaa yanayopandana. Nenda ukanuse ukuta wake. Harufu hiyo ni lami ya msonobari, inayopatikana kwa kuunguza taratibu visiki na mizizi yenye utomvu mwingi ndani ya tanuru lililofunikwa udongo, na hupakwa ikiwa moto ili ipenye kwenye mbao. Ni kazi isiyo na mwisho, kama ya mafundi wa majahazi wanaopaka sifa (mafuta ya samaki) kila chombo kinapopandishwa pwani. Linganisha ukuta wa kusini na ule wa kaskazini: jua la kiangazi huilainisha lami ya upande wa kusini hadi ikachuruzika, hivyo upande huo huchakaa mapema na hudai kupakwa mara nyingi zaidi.

Mengi ya makanisa haya hayakufa kwa kuoza. Tauni ya karne ya 14 iliacha vijiji bila waumini, na karne ya 19 ikaleta pigo jingine: sheria ya 1851 ilidai kila kanisa liwe na nafasi ya kutosha sehemu fulani ya watu wa parokia, na makanisa madogo ya kale yakabomolewa kwa wingi. Mchoraji J. C. Dahl alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Fortidsminneforeningen, chama cha kuhifadhi majengo ya kale, mwaka 1844, ambacho hadi leo ndicho mmiliki wa Urnes na Borgund. Kanisa la Vang lilinunuliwa na mfalme wa Prussia, likasafirishwa vipande vipande, na sasa lipo Karpacz, Polandi. La Fantoft, jirani na Bergen, lilichomwa kwa makusudi mwaka 1992, na unaloliona ni nakala. Wengine hulidharau kwa sababu hiyo. Mimi huwashauri walione, maana ndipo mtu hupata picha ya jinsi mbao mpya zilivyoonekana mwanzoni.

Bergen yenyewe ina Bryggen, gati la wafanyabiashara wa Kijerumani wa Hansa, muungano wa miji ya biashara, walioweka ofisi yao hapo karibu mwaka 1360 na kubadilishana nafaka na samaki wakavu wa kaskazini. Majengo yaliyopo yalijengwa upya baada ya moto wa 1702, kwa kufuata ramani ileile ya zamani, na pamoja na Urnes yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Ingia kwenye vichochoro, uone jinsi kuta zilivyoegemeana na sakafu zilivyoinama. Moto mwingine wa 1955 uliteketeza sehemu ya mtaa, na wachimbaji wa mambo ya kale waliofuata wakakuta mamia ya vijiti vyenye maandishi ya runi, herufi za kale za watu wa kaskazini, vikiwemo alama za mali na barua fupi. Kimoja kinasema tu kwamba Gyda anakutaka urudi nyumbani.

Kisha hoteli ilijengwa kwenye eneo lililoungua, na maji ya ardhini yakashuka. Chini ya Bryggen kuna tabaka nene za mbao na takataka za karne nyingi ambazo huhifadhika zikiwa zimelowa. Maji yakiondoka, hewa huingia, zikaanza kuoza na majengo yakadidimia. Tiba imekuwa kuzuia maji yasivuje na kuyaelekeza ya mvua yarudi ardhini, na Bergen haina uhaba wa mvua.

Ukiwa na muda, ongeza Røros, mji wa wachimba shaba ulioanza 1644, wenye nyumba za mbao zinazokaliwa hadi sasa na milima ya mabaki ya uyeyushaji.

Ukarabati nao unaweza kudhuru. Vitu vingi vya nakshi vilivyofukuliwa mwaka 1904 pamoja na meli ya Waviking huko Oseberg vilichemshwa katika maji ya shabu, aina ya chumvi, ili visisinyae, njia iliyosifiwa wakati huo. Leo shabu hiyo imezalisha asidi inayozila mbao kutoka ndani, na baadhi ya vipande vimebaki ganda jembamba. Jumba la makumbusho la meli za Waviking, Oslo, lilifungwa mwaka 2022 kwa ujenzi mpya, hivyo hakikisha hali yake kabla ya kukata tiketi, na panga safari ya makanisa ya nguzo wakati wa kiangazi, kwa kuwa mengi hufungwa miezi ya baridi.