Klachi kuganda: ni nini hasa kimeshikana na nini

Gari limelala uani tangu masika yaliyopita. Umefunga betri nyingine, umemwaga oili ya zamani, injini imewaka. Unakanyaga klachi, unasukuma gia ya kwanza, inasaga meno na kugoma. Unazima injini, unajaribu tena, gia inaingia laini kabisa.

"Fundi, injini ikiwaka gia haikubali."

"Na ukizima?"

"Inaingia vizuri."

"Basi klachi imeganda, mzee wangu."

Kuganda hapa maana yake si kwamba pedeli imekuwa ngumu. Mara nyingi pedeli iko vilevile. Kilichoganda kiko ndani, nyuma ya injini. Huko kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili, linalozunguka muda wote injini inapowaka. Linafuatiwa na klachi pleti, sahani nyembamba yenye vipande vya kusugulia vilivyopigwa ribiti pande zote mbili, na sahani hiyo imevaa shafti ya giaboksi. Nyuma yake kuna presha pleti, ambayo kwa nguvu ya springi huibana sahani kwenye flaiwili hadi vyote vizunguke pamoja. Ukikanyaga pedeli, presha pleti inarudi nyuma kidogo sana, sahani inaachiwa, na gia inaweza kuingia.

Sasa gari likiegeshwa, hakuna mguu kwenye pedeli. Sahani inabaki imebanwa usiku na mchana, kwa miezi. Hapa Kigoma hewa ya ziwa ina unyevu, na mvua zikianza Novemba hatuoni ukavu wa kweli mpaka karibu Mei. Usiku chuma kinapoa, unyevu unakaa juu yake, kutu inaota kwenye uso wa flaiwili na kujipenyeza kwenye vile vipande. Ukikanyaga klachi, presha pleti inarudi nyuma kama kawaida, lakini sahani haibanduki. Injini inaendelea kuizungusha, na giaboksi nayo inazunguka wakati ungetaka itulie.

Watu wengi huuliza kwa nini sehemu hiyo isipakwe grisi mapema. Swali ni zuri, maana mji huu una ushahidi mkubwa wa kazi ya grisi. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen karibu na mdomo wa mto Malagarasi, na kabla ya kuizamisha wahandisi wake walizipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Lakini klachi inaishi kwa msuguano. Uso wake lazima uwe mkavu na mtupu, na ndiyo maana kutu inaukuta bila kinga. Kwa sababu hiyohiyo, ukishauriwa upulizie dizeli, mafuta ya taa au oili ya kulainisha kutu kupitia tundu la kasha la klachi, kataa. Sahani itabanduka, ndiyo, kisha itateleza kila ukipanda mlima, na utaifungua giaboksi kuibadilisha, kazi uliyokuwa unaikwepa.

Kabla ya kuhangaika, hakikisha kweli imeganda. Mtu mmoja akanyage pedeli, mwingine achungulie chini ya gari. Kama klachi ni ya mafuta, yaani pedeli husukuma mafuta ya breki hadi silinda ndogo kwenye giaboksi, na fimbo ya silinda hiyo ya chini haisogei, au pedeli inazama bila ukinzani, tatizo ni mafuta ya breki kuisha au mpira wa silinda kuchoka. Fimbo ikisogea ipasavyo na gia bado inasaga, rudi kwenye kutu.

Njia ninayoipenda mimi ni ya upole. Land Rover ya marehemu baba, iliyokaa chini ya mwembe Ujiji, tuliipasha injini ikiwa nyutro karibu nusu saa, mpaka joto likafika kwenye kasha la klachi. Tukazima. Nikakata mti wa mwarobaini, nikaukaza kati ya pedeli na fremu ya kiti, klachi ikalala imekanyagwa. Asubuhi tukaweka gia ya nne, swichi imezimwa, mti uko palepale, vijana wanne wakaanza kulisukuma gari mbele na nyuma. Mwanzoni lilikuwa linashtuka na kukwama, kwa sababu walikuwa wanaisukuma na injini yenyewe. Ilibidi turudie kupasha siku mbili zaidi. Siku ya tatu ukasikika mlio mfupi, tak, na gari likabingirika kirahisi hadi vijana nusura waanguke.

Ikigoma, mafundi huwasha gari likiwa ndani ya gia huku klachi imekanyagwa, wanaliacha liende, kisha wanakanyaga breki kwa nguvu ili sahani ing'oke. Inafanya kazi, lakini fikiria unachofanya: gari halina klachi, linaruka mara starta inapozunguka, na mteremko wa kushuka ziwani hausamehe. Iwe uwanja mpana ulio tambarare, breki zimepimwa, hakuna mtoto karibu, na njia ya kuzima injini iko mkononi. Usilifanye hilo matairi yakiwa juu ya jeki peke yake.

Ikibanduka, usishangilie kabla ya kuijaribu. Endesha taratibu, achia klachi polepole mara kadhaa ili kutu iliyobaki ifutike. Mtetemo kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Ukiendelea, au injini ikipanda sauti bila gari kuongeza mwendo, huenda vipande vimechanika na kubaki kwenye flaiwili, na hapo giaboksi lazima ishuke.

Ule mti wa mwarobaini bado ninao. Gari likitakiwa kulala zaidi ya mwezi, naurudisha kwenye pedeli, chuma kisilale kimebana sahani.