Zawadi kwa mtoto aliye mahututi: tunayoyaamini na ukweli wake

Mtoto akizaliwa salama hapa Mwanza, hakuna anayeuliza afanye nini. Sabuni, nguo na uji hufika nyumbani mapema. Akizaliwa njiti, au akaugua na kulazwa kwenye uangalizi maalumu, simu hupungua na ndugu huanza kukaa mbali. Siamini kwamba ni roho mbaya. Ni woga, na woga huo unalishwa na maneno tuliyoyarithi bila kuyapima.

Dhana: Kumpelekea zawadi mtoto mgonjwa ni uchuro, tungoje arobaini.

Vichanga hufa hasa kwa matatizo ya kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Zawadi ya kofia haimo katika orodha hiyo. Tena inaweza kumsaidia, kwa sababu njiti hupoteza joto haraka, na mwili wake unatakiwa kubaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Ndiyo maana mama huelekezwa kumfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia, soksi na nepi tu. Njia hiyo ya kangaruu ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walipunguziwa vifo kwa asilimia 25, wakilinganishwa na waliosubiri kwanza hali itulie. Kwa hiyo doti ya kanga unayoogopa kuipeleka leo huenda ndiyo itakayomfunga mtoto usiku huu. Arobaini ni mbali mno.

Dhana: Zawadi ndogo ni aibu, kama huna cha maana, usiende.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inawazuia hata wenye moyo. Bugando ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa nzima. Mama anaweza kuwa ametoka Ukerewe kwa meli, au Geita kupitia daraja la Kigongo–Busisi, akiwa na kitenge kimoja na simu inayokaribia kuzima chaji. Atakaa wiki kadhaa. Mtoto yuko kwenye mashine, naye anakamua maziwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, huku kidonda cha upasuaji, kama alifanyiwa, hakijakauka.

Mama huyo anahitaji uji wa moto kwenye chupa ya chai, sabuni ya kipande, pedi, kanga kavu ya kubadilisha, vocha ya kumpigia bibi aliyebaki na watoto wengine. Vyote hivyo ni vya bei ya kawaida, na ukikosa kimoja usiku wa manane ndipo utajua uzito wake.

Na kuna jambo la ndani zaidi. Mtoto ambaye watu hawajamwona huzungumzwa kwa kunong'ona, kana kwamba bado hajafika. Anayekuja na soksi na kuuliza, "Mama Neema, mwanetu ameamkaje?" amemkubali mtoto kuwa ni mtu, na amemkubali mama kuwa ni mama. Faraja iko hapo, hata kama soksi ni kubwa kuliko miguu.

Dhana: Kopo la maziwa ndiyo msaada mkubwa.

Maziwa ya mama ndiyo yanayomlinda njiti, hata yakipitia mrija. Ya kopo ni kwa maelekezo ya daktari tu. Asali usipeleke kabisa: ni hatari kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Mlishe mama.

Dhana: Chochote kizuri kitamfaa mtoto.

Midoli ya manyoya, mito, poda na mafuta ya kunukia huachwa nje, kwa sababu ya maambukizi na hatari ya kuziba pumzi. Nchini Denmark, mwaka 2013, watu wa kujitolea walianza kuwafumia njiti pweza wa uzi, ikasemwa kwamba minyiri yake humtuliza mtoto kwa kufanana na kamba ya kitovu. Hilo halijathibitishwa. Ila mzazi akiona mtu asiyemjua amekaa akamfumia mwanawe, anayetulia ni mzazi, na hilo si dogo.

Dhana: Baba hahitaji kitu.

Yeye ndiye anayetafuta hela, anayepanda daladala kila siku, anayelala kwenye benchi. Sahani ya chakula kwa mama lishe na nauli ya kurudi zitamfaa. Mwambie pole yeye pia, kaka yangu.

Dhana: Mtoto akifariki, zawadi itamuumiza mama.

Ataumia kwa vyovyote. Uingereza hospitali nyingi huwapa wazazi waliofiwa kisanduku cha kumbukumbu chenye vitu kama alama ya unyayo wa mtoto. Huku kwetu mama huambiwa "Mungu atakupa mwingine" na kurudi mikono mitupu. Kofia moja ingemthibitishia kwamba huyu alikuwepo. Usiende kuidai wala kuificha. Mwachie mwenyewe aamue.

Unapokwenda, muulize kwanza nesi nini kinaruhusiwa. Nguo za mtumba zifue na kuzianika juani. Ukiwa na mafua, mpe mwingine apeleke. Usiombe picha ya mtoto. Ukizuiwa getini, mkabidhi ndugu, kisha tuma ujumbe mfupi usiohitaji kujibiwa.